Punje Sita za Kemuma

Asubuhi ile ya mwisho tulikunywa uji. Kemuma, mke wangu, aliniambia nimevaa gambuti ya kushoto mguu wa kulia. Nikabadilisha. Tukaenda kwenye majani chai, yeye mistari ya juu, mimi ya chini, kama siku zote. Umande ulikuwa mwingi. Alikuwa akiimba Kilatini polepole, na mimi sasa nilikuwa najua mahali wimbo unapopanda na mahali unaposhuka. Akasimama, akaniambia nimeacha majani nyuma yangu kama mtu anayekimbia mvua. Nikarudi nikayachuma. Hayo ndiyo tuliyozungumza. Mchana alisema kichwa kinamuuma, akaketi kivulini. Saa tisa alikuwa hayuko.

Siku ya mazishi ilisomwa karatasi ya maisha yake. Watoto waliichapisha Kisii mjini, na picha ya rangi juu. Kuzaliwa, kubatizwa, kuolewa, watoto, wajukuu. Mahali pa elimu waliandika: darasa la saba. Nilinyamaza, maana mtu habishani kaburini. Lakini karatasi ile haikumaliza. Kemuma alisoma Kilatini akiwa na miaka sitini na saba, akafanya mtihani, na mimi nilikuwepo. Naandika ili jambo hilo lisipotee. Shule sikwenda. Herufi nilifundishwa katika katekesimu nikiwa tayari nina mke nyumbani. Kwa hivyo sitasema mengi.

Kwaya ya parokia yetu, huku upande wa Itumbe, ina nyimbo za Kilatini ilizoachiwa na mapadre wazungu wa zamani. Kemuma alizishika kwa sikio akiwa msichana. Ndiye aliyekuwa akianzisha. Wengine wananyamaza, yeye anatoa sauti, ndipo wanafuata. Alianzisha zaidi ya miaka arobaini, na hakujua anasema nini. Hakuna aliyejua. Tulifikiri Mungu anajua, inatosha.

Kisha akaletwa Padre Andrew, kijana wa Machakos, mwembamba, mtu wa utaratibu. Akatangaza kwamba parokia inafikisha miaka sitini, askofu atakuja, na misa itaimbwa Kilatini kama ile ya kwanza. Lakini akasema watakaosimama mbele ni wale tu wanaoelewa wanachoimba. Kutakuwa na darasa la Kilatini cha mwanzo, kila Jumamosi mchana, miezi minane. Mwishoni ni mtihani. Atakayepata chini ya hamsini atakaa kwenye viti na watu wengine, na atafurahia misa akiwa hapo.

Watu wakacheka. Kemuma hakucheka. Alikuwa akimwangalia Nyanchoka.

Nyanchoka ni jirani yetu. Alikuwa mwalimu wa chekechea mpaka akastaafu. Ana sauti kubwa. Sikusema nzuri, nimesema kubwa. Miaka ishirini alikuwa akitaka kuanzisha yeye, na siku ile alikuwa akitabasamu, kwa sababu mitihani anaijua na kalamu anaijua. Kemuma mara ya mwisho kufanya mtihani alikuwa msichana wa miguu mitupu.

Tulipofika nyumbani akaniambia, "Baba Beverlyne, Nyanchoka hataanzisha wimbo mbele ya askofu nikiwa hai." Kesho yake akajiandikisha.

Mwalimu alikuwa padre mzee aliyestaafu, ambaye alikuwa akiishi pale misheni. Alifundisha majuma matatu, akaugua mapafu, akapelekwa Nairobi. Padre Andrew akatafuta mtu mwingine anayejua Kilatini kati ya Kisii na Nyamira. Akampata mmoja, Anyona wa Nyakoe. Huyu Anyona alikaa seminari miaka sita. Alitoka akaoa binti yetu Beverlyne.

Yaani mkwe wetu.

Kwa wasiotoka kwetu nieleze kidogo. Mtu na mama mkwe wake wana heshima yao. Hawashikani mikono. Hawakai kiti kimoja. Akimwona njiani, mmoja anapisha. Na mambo ya mwili, ya mapenzi, ya mke na mume, hayo hayatajwi kabisa wakiwa pamoja, hata redio ikiyataja mmoja anatoka nje. Tunaita chinsoni. Si chuki. Kemuma alimpenda Anyona kuliko watoto wetu wengine, na kila Krismasi alimtumia kuku kupitia kwangu.

Basi Jumamosi ile Anyona aliingia darasani na kitabu chini ya kwapa. Kemuma alikuwa kiti cha mbele. Akainuka, akatoka, akaketi nje chini ya dirisha, mgongo ukutani. Padre Andrew alifikiri ameshikwa na tumbo, akamtumia maji.

Hapo nje ndipo alipokaa miezi yote iliyobaki. Mvua ikinyesha anafungua mwavuli. Anyona naye alijua yupo, kwa hivyo alifundisha kwa sauti ya kufika dirishani na kupita. Vijana wa boda boda pale stejini wakajua Kilatini bila kujiandikisha. Jirani zetu Wasabato, wakitoka ibada yao, walikuwa wakisimama barabarani kusikiliza, na mmoja aliniuliza kwa upole kama sisi Wakatoliki tumebadilisha dini.

Nyumbani kazi ya kumsikiliza ilikuwa yangu. Tulikuwa wawili tu.

Siku ya kwanza alinipa kitabu akaniambia nifuate kwa macho yeye akisema bila kuangalia. Kilatini si kigumu kusoma, kinasomeka vile kimeandikwa, kama Kiswahili. Shida ni kwamba mimi nasoma kama mtu anayevuka mto juu ya mawe. Nikiwa neno la pili, Kemuma alikuwa amemaliza, amekoroga mboga, amerudi. Ndipo nikapata njia. Kila neno la kitendo lina sura sita. Nikachukua punje sita za mahindi, nikazipanga mezani. Akisema moja, nasogeza punje. Zikiisha zote, amemaliza. Ikibaki, amesahau. Baadaye ndipo nachukua kitabu na kuangalia polepole kama alizosema ni zile.

Nikamuuliza lile neno la kwanza maana yake nini. *Amo, amas, amat.* Akageuka kwenye sufuria. Akasema maana yake ni kuchuma majani chai. Nachuma, unachuma, anachuma.

Nikawaona Warumi ni watu wa maana. Wanaanza na kazi.

Njia ya punje ilifanya kazi vizuri mpaka siku ya kuku. Tulikuwa tumekaa mlangoni, punje ziko kwenye kigoda. Kemuma akaanza, nikasogeza, punje zikaisha, na yeye bado ana neno moja. Nikamwambia amezidisha. Akasema hajazidisha. Akarudia. Akazidisha tena. Nikamwambia Warumi wenyewe wameweka sita, yeye anataka saba ya nini. Akarudia mara nyingi mpaka akaanza kupunguza neno moja ili zitoshe, na akilipunguza anahisi vibaya, anasema kuna mtu amemwacha nyuma. Tulilala bila kuzungumza vizuri. Asubuhi nikahesabu punje, zikawa tano. Kuku wetu mwekundu alikuwa amesimama pale pale karibu na kigoda, akiningoja.

Nilimwambia ukweli. Alimtazama kuku. Kisha akasema kuku huyo atapelekwa kwa Anyona kabla ya Krismasi.

Kwenye shamba alikuwa akibeba kurasa ndani ya mfuko wa nailoni, ameufunga kiunoni. Anachuma majani mawili na chipukizi, anasema neno, anatupa kikapuni. Siku moja ukurasa ukaingia kikapuni pamoja na majani. Karani wa kituo cha kupimia majani aliukuta alipokuwa akikagua. Akauinua juu, akauliza ni lugha gani hii na ni ya nani. Watu wakarudi nyuma kidogo, maana karatasi usiyoijua ndani ya mzigo wa mtu si jambo la kucheka kwetu, watu hutaja uchawi upesi. Nyanchoka ndiye aliyetuokoa. Aliangalia akasema ni somo la tisa tu. Kemuma akachukua karatasi yake na kumuuliza kama yeye amefika somo la tisa. Nyanchoka akasema mizani inamngoja, akaondoka na kikapu chake.

Na mimi, kwa kujivunia mke wangu, nikaanza kutumia lile neno.

Nilikuwa nikifika kituoni namwambia karani, "*Amo*," na kumwonyesha kikapu. Aliitikia tu kwa kichwa. Vijana wa boda boda nikiwapita nikielekea shambani nawaambia hivyo hivyo. Na asubuhi moja nikamkuta Nyanchoka peke yake kwenye mpaka wa shamba, ameinama anachuma. Nikaona ni uungwana kumsalimu kwa kitu anachosomea. Nikasema, "Nyanchoka, *amas?*"

Akasimama wima. Akaniangalia. Akavuta kitambaa cha kichwa vizuri. Akasema, "Ogoti, kwa umri huu?" Nikamwambia umri si kitu, mtu akiwa na mikono anaweza. Akaondoka na kikapu nusu.

Nilimweleza Kemuma jioni kwamba Nyanchoka amekuwa mtu wa ajabu, hataki tena kunisalimia, na akinisalimia ananisalimia sana. Kemuma alitoka kwenda kuangalia ng'ombe. Alikaa huko muda mrefu, na nikasikia kama anakohoa. Sasa najua hakuwa akikohoa.

Mwezi mmoja kabla ya mtihani wa mwisho kukawa na wa majaribio. Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Mtihani una sehemu mbili. Ya kuandika ni alama sitini, na ya mdomo ni arobaini. Ya kuandika Kemuma alikuwa anaweza kidogo, ila mkono wake ni wa polepole. Ile ya mdomo ndiyo alikuwa akiitegemea, kwa sababu kukariri ni kazi yake ya miaka yote. Lakini ya mdomo mtu anasimama mbele ya meza ya mwalimu, ndani.

Nilikuwa mlangoni nimeshika mwavuli wake. Padre alikaa pembeni kuangalia. Anyona akaangalia karatasi yake, akaiambia dari imwombe mama ataje lile neno la kwanza, sura zote. Macho hakuyashusha. Kemuma aliangalia sakafu. Jasho likamtoka Anyona. Kemuma akafungua mdomo, akafunga. Tulikaa hivyo mpaka Padre akamwuliza kwa huruma, "Mama, hukusoma?"

Akapewa sufuri.

Tukashika njia ya nyumbani. Nyanchoka alitupita akiwa juu ya boda boda, akiimba.

Mimi sikuelewa. Lile neno alikuwa akilisema hata akiwa usingizini. Kesho yake nilimpelekea Padre Andrew ndizi, nikamwambia mke wangu anajua. Nikamwambia siwezi kuelewa mtu anashindwaje kusema kuchuma chai mbele ya mkwe wake, wakati mkwe mwenyewe ana shamba.

Padre akaweka ndizi chini. Akaniuliza nani ameniambia ni kuchuma chai.

Nikamwambia.

Akasema, "Mzee, *amo* ni ninapenda. Ndivyo watu wanavyoanza Kilatini. Ninapenda, unapenda, anapenda."

Nilikaa. Hakuwa amenipa kiti, nilikaa kwenye ngazi. Nikamkumbuka karani wa kituo. Nikawakumbuka vijana wa boda boda. Nikamkumbuka Nyanchoka akivuta kitambaa vizuri. Nikakumbuka pia miezi ile yote, jioni baada ya jioni, Kemuma akinitazama juu ya sufuria akisema neno lile na mimi nikisogeza punje.

Padre aliniuliza kama ninahitaji maji. Nikamwambia hapana, ninahitaji anisikilize. Nikamweleza chinsoni. Nikamweleza kwamba mama hawezi kusimama mbele ya mume wa binti yake na kumwambia ninapenda, unapenda, hata kama ni Kilatini, hata kama ni Kichina. Padre akasema ni mtihani tu. Nikamwuliza kama yeye angeweza kumwambia mama mkwe wake maneno hayo. Akasema, "Mama mkwe sina, mzee." Nikamwambia basi hawezi kujua.

Alikuwa mtu mwema. Alifikiri. Lakini akasema karatasi ya mtihani inatoka kwa askofu, imefungwa, na sehemu ya mdomo inaulizwa na aliyefundisha. Nikamwambia aulize yeye. Akaona aibu kidogo, akasema Kilatini chake alikipita kwa shida na amesahau kingi, asije akampa mtu alama asiyoistahili. Nilimwomba Beverlyne aketi katikati awe anapokea neno huku na kupeleka kule. Beverlyne alisema kwenye simu kwamba anatupenda sote lakini afadhali tumtume kubeba mawe.

Kemuma sikumwambia kwamba nimejua maana. Sijui kwa nini. Jioni nilipanga punje kama kawaida. Ila nilianza kukosea kusogeza, na yeye akaniambia macho yangu yanazeeka.

Akaniuliza siku moja, akiwa anachambua maharage, kama ninafikiri alama za kuandika peke yake zitamfikisha hamsini. Nikamwambia zitamfikisha. Akasema mimi sijui kudanganya, uongo wangu unaonekana kabla sijafungua mdomo. Kisha akasema kama ni hivyo Nyanchoka ataanzisha, na yeye atakaa kwenye kiti na kufurahia misa akiwa hapo. Alichambua maharage yale mpaka yakabaki masafi kuliko yalivyohitaji kuwa.

Mtihani ulikuwa Jumamosi moja ya Oktoba. Walikuwa watu tisa. Kemuma alivaa sare ya kwaya, akapaka viatu rangi. Walianza na kuandika, masaa mawili. Nilimwona kupitia dirisha, sasa yeye ndani na mimi nje, mahali pake pale pale ukutani. Alikuwa akiandika ametoa ulimi kidogo.

Kisha ya mdomo, mmoja mmoja. Wengine walikaa nje kungoja zamu. Nyanchoka aliingia mapema, na hatukuhitaji kusogea karibu ili kumsikia.

Ikafika zamu ya Kemuma. Akasimama mbele ya meza. Anyona akafungua karatasi ya swali lake, akaisoma, akaifunga. Akaifungua tena kama inaweza kuwa imebadilika. Akamwambia Padre anahitaji hewa. Akatoka. Alinipita mlangoni bila kuniangalia, nami nikampisha, akaenda moja kwa moja mpaka vyooni, akasimama nyuma yavyo, akabaki kichwa tu kinaonekana. Padre alimwita. Akapunga mkono kutoka kule, hakurudi.

Padre akaangalia saa. Akamwambia Kemuma kwamba anasikitika, bila mwalimu hakuna swali, na bila swali hakuna alama. Akashika kalamu.

Sijawahi kuingia darasa bila kuitwa. Madarasa yenyewe nimeingia machache. Niliingia. Nikatia mkono mfuko wa koti, nikatoa punje sita, nikazipanga mezani mbele yake.

Nikasema, "Padre, mimi Kilatini sijui. Nimemtahini huyu miezi minane. Nilikuwa na kitabu na hizi."

Aliangalia punje. Akaniangalia. Akauliza hufanyaje. Nikamweleza: yeye afuate kitabu kwa kidole, mimi nitasogeza. Akisema neno ambalo halipo kitabuni, Padre ataona. Akiacha neno, punje itabaki. Hakuna anayehitaji kujua Kilatini hapo isipokuwa mama.

Padre alifikiri muda wa mtu kusali salamu moja. Kisha akaweka kalamu chini, akasoma karatasi aliyoiacha Anyona mezani, akafungua kitabu kwenye lile neno la kwanza, akaweka kidole. Akasema tuendelee.

Kemuma akatafuta mahali pa kuangalia. Padre ni kijana, angeweza kuwa mwanawe, huko hapakufaa. Dirishani kulikuwa kumejaa vichwa vya kwaya, na cha Nyanchoka kilikuwa katikati. Dari ilikuwa mahali pa Anyona. Basi akaniangalia mimi.

Na mimi nilikuwa najua.

Akasema, "*Amo*."  Punje ya kwanza ikateleza, ikaanguka chini ya meza.

Kemuma akaifuata kwa macho. Aliangalia mkono wangu. Akaangalia uso wangu kwa muda. Nikaona ameelewa kwamba maana nimeipata. Akasema, "Okota. Usiniletee hesabu ya kuku."

Nikainama, nikaiokota, nikaipanguza kwenye koti, nikairudisha. Akaanza upya. Hakusema kama mtu wa mtihani. Alisema kwa ile sauti ya kuanzisha, kila neno limekaa mahali pake, na hakuondoa macho. Nilisogeza punje sita, zote zikafika upande wa pili. Kidole cha Padre nacho kikafika mwisho. Nje watu walikuwa wamenyamaza, hata Nyanchoka.

Aliulizwa maneno mengine matano kwa njia hiyo hiyo. Padre alimpa thelathini na nane kwa arobaini. Alama mbili alisema amezipunguza kwa sababu mtahiniwa alizungumza na msaidizi.

Anyona alirudi baada ya kuambiwa kumekwisha. Alisahihisha za kuandika pale pale kwenye ngazi, amegeuzia mgongo upande wetu. Kemuma alikuwa amepata thelathini na tatu. Bila ya mdomo angekaa kwenye kiti. Jumla ikawa sabini na moja. Nyanchoka alipata sitini na nne, na niseme ukweli, alikuja akamshika Kemuma mkono. Mimi alinisalimia kwa mbali.

Askofu alikuja Novemba. Kemuma alianzisha. Sitaeleza hiyo, kila mtu wa parokia aliiona. Nitasema tu kwamba nilikuwa nimekaa kiti cha nyuma nikiwa na punje zangu mfukoni, na hazikuhitajika.

Lakini jambo lililonifanya niandike ni la siku ile ya mtihani, tukirudi nyumbani. Tulipita kituo cha majani, tukapita mikalitusi. Alikuwa amevua viatu vile alivyovipaka rangi, amevishika mkononi, anatembea mbele. Tulikuwa pamoja miaka arobaini na sita wakati huo, na neno lile kwa lugha yetu hatukuwahi kuambiana. Si kwamba hatukuwa nalo. Kulikuwa na kazi.

Nikamwuliza kwa nini aliniambia ni kuchuma chai.

Hakugeuka. Alitembea kidogo, akahamisha viatu mkono wa pili. Kisha Kemuma akasema, na nayaandika vile vile alivyoyasema:

"Ningekuambia maana yake ungeacha kusogeza punje ukaanza kuniuliza kama ni kweli, na mimi nilikuwa na mtihani. Ni kweli. Sasa umeshajua, usiniulize mara ya pili."